Mtoto anakula lakini hanenepi: tusimlaumu mama kabla ya kuangalia tumbo

Kila ukame unapobisha hodi Ganze, Magarini na Kinango, mjadala huwa ule ule. Wanasiasa wanasema serikali ilete chakula. Serikali inasema chakula kimeletwa. Chakula kikishafika na mtoto bado ni mwembamba, lawama zote humwangukia mama. Anauza pakiti za plampinati. Anazila mwenyewe. Hajui kupika. Na kama si hayo, basi ana mambo yake ya nje.

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii katika Kaunti ya Kilifi, na sitasema kwamba hayo hayatokei. Pakiti huuzwa, na nimeziona kwenye vibanda zikipangwa kando ya biskuti. Mama mwenye watoto watano hawezi kumlisha mmoja huku wanne wamemkodolea macho, na mimi ningekuwa yeye ningegawa. Lakini nimewapima pia watoto waliomaliza kila walichopewa, wiki baada ya wiki, wengine wakilishwa mbele ya macho yangu, na utepe wa mkono ukabaki pale pale kwenye njano. Mama zao wameapa hadi wamechoka kuapa. Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya watoto hao, maana wanasayansi wamekuwa wakiwachunguza kwa zaidi ya miaka kumi, na baadhi ya uchunguzi huo umefanyika hapa hapa Pwani bila sisi wenyewe kuusikia.

Kwanza tujue ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kilifi ni asilimia 37, idadi ya juu kuliko kaunti zote. Tumewapita West Pokot na Samburu, ambako mvua ni ya kubahatisha kuliko hata kwetu. Kaunti yenye bahari, minazi, mikorosho na maembe ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa. Mwenye kutaka kusema ni njaa tu, atueleze hilo.

Sasa tuingie tumboni. Utumbo wa binadamu, hasa utumbo mpana, umejaa bakteria wengi ajabu. Ukiwahesabu walio ndani ya mtu mmoja utapata idadi inayozidi watu wote duniani mara maelfu. Shuleni tulifundishwa kwamba bakteria ni viini vya magonjwa, basi. Kumbe wengi wao ni wafanyakazi. Wanavunja nyuzinyuzi za mboga na nafaka ambazo miili yetu haina uwezo wa kuzivunja, na wanapozivunja hutoa kemikali zinazolisha ukuta wa utumbo wenyewe. Wanatengeneza vitamini K na baadhi ya vitamini B. Wanaufundisha mwili kumtambua adui na kumwacha rafiki. Na kwa kuwa wamejaza nafasi, kiini kibaya kikiingia na maji machafu hakipati pa kukaa kwa urahisi.

Mtoto huzaliwa akiwa karibu hana bakteria hao. Wa kwanza anawapata kwa mama wakati wa kuzaliwa, wengine kupitia maziwa, ngozi, vyombo, udongo na kila anachokitia mdomoni. Katika miaka miwili au mitatu ya kwanza jamii hiyo ya bakteria hubadilika hatua kwa hatua mpaka ikafanana na ya mtu mzima. Ni ukuaji kamili, kama meno na kutembea, ila huu hauonekani.

Ushahidi kwamba bakteria hawa wanahusika na utapiamlo ulikuja kwa kishindo mwaka wa 2013, kutoka Malawi. Kundi la watafiti wa Marekani na Malawi, akiwemo Profesa Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, lilifuatilia jozi 317 za mapacha tangu wakiwa wachanga hadi umri wa miaka mitatu. Kwa nini mapacha? Kwa sababu wana mama mmoja, nyumba moja, chungu kimoja na umri mmoja. Chakula chao kikuu ni nsima, ambayo ni sima yetu hii hii kwa jina la majirani.

Nusu ya jozi hizo zilikua vizuri, pacha wote wawili. Lakini katika asilimia 43 ya jozi, pacha mmoja alipata utapiamlo na mwenzake akabaki salama. Tafadhali lisome tena jambo hilo. Mama yule yule, sinia ile ile, mtoto mmoja amevimba miguu na mwenzake anacheza. Ingekuwa mama ndiye tatizo, au chakula peke yake ndicho tatizo, hali hiyo ingekuwa ya nadra sana.

Watafiti wakachukua bakteria kutoka kwenye kinyesi cha mapacha, mgonjwa na mzima, wakawapandikiza kwa panya waliolelewa katika vizimba safi visivyo na bakteria hata mmoja. Panya hao wakalishwa chakula cha aina ya Malawi, kilichojaa unga wa mahindi. Waliopewa bakteria wa mtoto mwenye kwashakoo wakapoteza uzito mwingi. Waliopewa bakteria wa pacha mwenye afya hawakuporomoka hivyo, ingawa chakula kilikuwa kile kile. Wale waliokonda walipopewa chakula cha tiba cha karanga, cha aina ya plampinati, walipata nafuu. Waliporudishwa kwenye chakula cha mahindi, nafuu ile ikaanza kupotea.

Panya si mtoto, nakubali. Ila jaribio hilo lilionyesha kitu ambacho uchunguzi wa watoto peke yake usingeweza kukionyesha: kwamba kilichowaangusha ni mchanganyiko wa chakula duni na bakteria wasiofaa, vikiwa pamoja. Ndiyo maana sipendi ninapomsikia mtu akisema "si chakula, ni bakteria." Bakteria wabaya walihitaji chakula kibaya ili wafanye kazi yao.

Hapa niseme neno kuhusu kwashakoo, ambayo vitabu vya Kiswahili vinaiita pia unyafuzi. Jina hilo lilitoka Gold Coast, Ghana ya leo, kwa Waga. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliueleza ugonjwa huo kwa madaktari wenzake mwaka wa 1933 na miaka miwili baadaye akaandika jina ambalo akina mama wa huko walilitumia: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake mwingine anapozaliwa. Wamama wa Kiga walikuwa wameshaona kwamba mtoto akiachishwa ziwa mapema ndipo matatizo huanza.

Kwetu Wamijikenda tuna neno letu: chirwa. Wazee wanaeleza kwamba chirwa humpata mtoto anayenyonya pale mzazi wake anapotoka nje ya ndoa. Dalili wanazozitaja, kukonda, kuvimba, nywele kubadilika, kuharisha kusikokwisha, ni zile zile za utapiamlo mkali. Siwadharau wazee. Walikuwa na macho, waliona mtoto mmoja anadhoofika na wa jirani anayekula sima hiyo hiyo hadhoofiki, wakatafuta sababu. Tatizo ni gharama ya jibu hilo leo. Mtoto anayesemekana ana chirwa hupelekwa kwanza kwa mganga, kwa siri, kwa sababu kwenda naye hospitalini ni kama kutangaza aibu ya nyumba. Siku zinazopotea hapo ndizo zinazoua. Hawe mmoja aliniambia, "Mwanangu, hospitali hawajui chirwa." Nikamjibu kwamba wanaijua, wanaiita kwa jina lingine tu, na wana maziwa maalumu na dawa za kuitibu. Tulibishana mpaka chai ikapoa, lakini mtoto alienda.

Turudi kwa bakteria. Mwaka wa 2014 kundi la Gordon, pamoja na madaktari wa kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuharisha cha Dhaka, Bangladesh, icddr,b, lilitoa kipimo kipya. Walichunguza kinyesi cha watoto wenye afya mwezi baada ya mwezi na kujua bakteria gani wanatakiwa kuwepo katika umri gani. Kisha wakawapima watoto wenye utapiamlo mkali. Wakakuta kwamba tumbo la mtoto wa mwaka mmoja na nusu linaweza kuwa na bakteria wa mtoto mdogo zaidi. Umri wa mtoto umesonga, umri wa bakteria wake umebaki nyuma. Walipotibiwa kwa chakula cha tiba, bakteria wao walikomaa kidogo, lakini miezi michache baada ya matibabu kwisha walirudi nyuma tena.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo habari iliyonifungua macho zaidi. Kila mhamasishaji anamjua mtoto anayetoka kwenye mpango akiwa na mkono wa kijani, halafu baada ya miezi minne anarudi akiwa na mwekundu. Tumezoea kusema mama amezembea. Inawezekana tumbo lilikuwa halijapona wakati mkono uliponenepa.

Kitu gani kinawarudisha bakteria nyuma? Si kimoja. Kuharisha mara kwa mara husomba wazuri pamoja na wabaya. Chakula cha aina moja, sima asubuhi, sima mchana na sima usiku, hulisha aina chache tu. Na uchafu unaoingia mdomoni kila siku, hata usipoleta kuharisha, huuchosha utumbo. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Katika watoto wanaoishi kwenye mazingira machafu vinyweleo hivyo hufupika na kulala, na ukuta wa utumbo huvuja, sumu za bakteria zikapenya hadi kwenye damu. Mwili hupambana na moto huo mdogo usiozima, na nguvu ambazo zingejenga mifupa na misuli zinaishia vitani. Mtoto anaweza asionekane mgonjwa kabisa. Hadumai kwa siku moja.

Mtu atasema basi tujenge vyoo na kugawa sabuni, mambo yaishe. Nilidhani hivyo hivyo ndivyo watakavyogundua watafiti. Mwaka wa 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika magharibi mwa Kenya, Kakamega, Bungoma na Vihiga, ukihusisha wanawake wajawazito zaidi ya 8,000. Vijiji vingine vilipewa klorini ya maji, vingine vyoo bora, vingine vifaa vya kunawa mikono, vingine virutubisho vya chakula pamoja na ushauri, vingine vyote kwa pamoja. Maji, vyoo na sabuni havikuongeza urefu wa watoto. Virutubisho vilisaidia kidogo. Utafiti kama huo nchini Zimbabwe na Bangladesh ulitoa jibu linalofanana upande wa ukuaji.

Wapo waliolichukua jibu hilo kama ruhusa ya kuacha kujenga vyoo. Mimi ninalisoma tofauti. Choo kimoja cha shimo na ndoo yenye mfereji wa plastiki havitoshi kumkinga mtoto anayetambaa kwenye ua wenye kuku, mbuzi na mavi ya jana, na anayekunywa maji ya bwawa ambalo ng'ombe wamo ndani. Usafi nusu nusu hufanya kazi nusu nusu. Watu wa Nyali wenye maji ya bomba na sakafu ya vigae hawakupewa klorini kwenye chupa ili watoto wao wakue.

Swali la pili ambalo huulizwa sana ni la dawa. Kama kuna bakteria wabaya, kwa nini tusiwaue kwa antibiotiki? Hapa majibu yanagongana, na ni vizuri tuyajue kwa sababu Pwani antibiotiki hununuliwa kemisti kama peremende.

Malawi, mwaka huo huo wa 2013, walichapisha jaribio la watoto 2,767 wenye utapiamlo mkali wasiokuwa na magonjwa mengine makubwa. Wote walipewa chakula cha tiba wakiwa nyumbani. Baadhi waliongezewa antibiotiki kwa wiki moja na wengine wakapewa dawa bandia. Kati ya waliopata dawa bandia asilimia 7.4 walifariki, kati ya waliopata amoksisilini ni asilimia 4.8, na waliopata sefdinia ni 4.1. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini Niger walipojaribu amoksisilini kwa watoto zaidi ya 2,000, matokeo yakatolewa 2016, hawakupata faida ya maana katika idadi ya waliopona.

Na Pwani? Mwaka huo huo wa 2016 Profesa James Berkley na wenzake wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi walitoa matokeo ya watoto 1,778 waliolazwa kwa utapiamlo mkali katika hospitali nne: Kilifi, Malindi, hospitali kuu ya Mombasa, na Mbagathi kule Nairobi. Baada ya hali yao kutulia, nusu walipewa kotrimoksazoli kila siku kwa miezi sita na nusu dawa bandia. Ndani ya mwaka mmoja asilimia 14 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki, na asilimia 15 ya kundi la pili. Dawa ya kila siku kwa miezi sita haikuokoa maisha kwa kiwango cha kuonekana.

Kwa hiyo antibiotiki za muda mfupi, zinazotolewa na daktari kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, zina nafasi yake. Za kununua mwenyewe kila mtoto anapoharisha ni jambo jingine. Zinafyeka shamba zima, magugu na mahindi, na kinachoota upya mara nyingi ni magugu.

Utafiti mwingine ulifanyika pwani ya kusini, Kaunti ya Kwale, na huu unahusu uji. Watoto wetu wengi wana upungufu wa damu, na njia mojawapo ya kuwasaidia ni poda yenye vitamini na madini ya chuma ambayo mama huinyunyiza kwenye uji. Watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich wakishirikiana na Wakenya waliwachukua watoto 115 wa miezi sita, wakawapa uji wa mahindi wenye poda hiyo kwa miezi minne, wengine ikiwa na chuma na wengine bila chuma. Matokeo, yaliyotolewa 2015, yalishtua wengi: kwa watoto waliopata chuma, bakteria wabaya waliongezeka, wale wazuri wa jamii ya bifido walipungua, na kulikuwa na dalili za uvimbe ndani ya utumbo.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mahindi yana kemikali inayokamata chuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya chuma kilichomo kwenye uji haifyonzwi. Kinateremka hadi utumbo mpana. Kule, bakteria wengi wanaoleta magonjwa wanakipenda chuma sana, na wale wazuri wanaokaa na mtoto anayenyonya hawakihitaji sana. Umewalisha wezi.

Hawakuishia hapo. Walirudi Kwale wakachanganya chuma kidogo na aina ya sukari inayotengenezwa kutokana na maziwa, ambayo mtoto haimeng'enyi lakini bakteria wa bifido huila. Mwaka wa 2017 wakaripoti kwamba madhara mengi ya chuma kwa bakteria yalipungua, na upungufu wa damu ukatibika. Basi mama uliyepewa poda kliniki, usiitupe kwa sababu ya makala haya. Upungufu wa damu unadumaza ubongo, nao hausubiri. Mpe kwa kipimo ulichoambiwa, na kama mtoto anaharisha mweleze muuguzi.

Hiyo sukari ya Kwale inaiga kazi ya kitu ambacho kila mama anayenyonyesha anacho bure. Maziwa ya mama yana aina zaidi ya mia moja za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata chembe. Baada ya laktosi na mafuta, ndizo nyingi kuliko kitu kingine kigumu kilichomo kwenye maziwa. Zamani wataalamu walijiuliza, mwili wa mama unajisumbua nini kutengeneza chakula ambacho mtoto hawezi kukitumia? Jibu ni kwamba hakikuwa cha mtoto. Ni cha bakteria wake. Mama anawalisha wawili, mtoto na walinzi wa mtoto. Maji ya sukari, uji mwepesi wa mwezi wa tatu na dawa za miti anazopewa mtoto mchanga ili "tumbo lifunguke" huwaingiza wageni kabla walinzi hawajajipanga. Sababu za kumnyonyesha kwa miezi sita bila kumpa kitu kingine ni nyingi, na hii ni mojawapo ambayo sijaisikia ikitajwa kwenye mabango ya kaunti.

Kuna wanaouliza kama wanunue vidonge vya bakteria wazuri, vinavyouzwa ghali kwenye maduka ya dawa ya mjini. Malawi walijaribu mchanganyiko wa namna hiyo ndani ya chakula cha tiba kwa watoto 795 wenye utapiamlo mkali, matokeo yakatoka 2009: idadi ya waliopona haikuongezeka. Kumwaga mbegu kwenye shamba lisilo na mbolea hakuoteshi kitu. Maziwa ya mtindi ni chakula kizuri kwa mtoto aliyeanza kula, mpe kama chakula.

Kazi iliyonivutia zaidi ni ile iliyokuja baadaye Bangladesh. Gordon na Daktari Tahmeed Ahmed wa icddr,b waligeuza swali. Badala ya kuuliza mtoto anahitaji kalori ngapi, wakauliza bakteria wanaotakiwa kukomaa wanapenda kula nini. Walijaribu vyakula vya kawaida vya huko, kimoja kimoja na kwa kuchanganya, kwanza kwa wanyama wa maabara kisha kwa watoto. Kilichoshinda kilikuwa mchanganyiko wa unga wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, pamoja na sukari, mafuta na vitamini. Unga wa dengu, msomaji, ni huu huu wa bajia.

Mwaka wa 2021 walichapisha matokeo ya watoto 123 wa mtaa wa Mirpur, Dhaka, wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, wenye utapiamlo wa wastani. Nusu walipewa mchanganyiko huo mara mbili kwa siku kwa miezi mitatu, nusu wakapewa chakula cha ziada cha kawaida cha mchele, adesi na maziwa ya unga. Mchanganyiko wa dengu na ndizi ulikuwa na kalori chache zaidi. Hata hivyo watoto walioula waliongezeka uzito kwa kasi kubwa kuliko wenzao, na damu yao ilionyesha ongezeko la protini zinazohusiana na ukuaji wa mifupa na ubongo. Chakula chenye nguvu kidogo kikashinda chenye nguvu nyingi, kwa sababu kiliwalisha wafanyakazi waliokuwa wamelala njaa.

Watoto 123 ni wachache, na tumbo la Dhaka si tumbo la Bamba. Hakuna anayesema mama wa Ganze akasage dengu amtibu mtoto mwenye mkono mwekundu. Mtoto ambaye mkono wake uko chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, ni wa kupelekwa kituo cha afya leo, na pakiti za plampinati ndizo tiba yake. Zimeokoa watoto wengi mno tangu zilipobuniwa Ufaransa miaka ya 1990. Lakini kwa mtoto ambaye bado yuko kwenye kijani, au anayepanda kutoka kwenye njano, sinia ya Pwani ina vya kutosha: mbaazi, kunde, pojo, karanga, ndizi za kupika, matembele, mtsunga, dagaa. Hivi tumevigeuza chakula cha aibu. Mtu akipata pesa kidogo anakimbilia mkate mweupe na chipsi, na kunde anawaachia maskini. Kaunti nayo, kila bajeti ya dharura ikipita, inanunua mahindi. Sijawahi kuona lori la msaada lililojaa pojo, na ningependa wawakilishi wa wadi zetu watuambie kwa nini.

Limebaki jambo moja, na linatuhusu sisi tunaotembea nyumba kwa nyumba. Utafiti ulioratibiwa kwa sehemu kubwa kutoka Kilifi, na kutolewa 2022, uliwafuatilia watoto wagonjwa 3,101 wa chini ya miaka miwili katika hospitali tisa za nchi sita za Afrika na Asia, zikiwemo Kilifi, Mbagathi na Migori. Karibu nusu ya vifo vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani. Homa imekwisha, kuharisha kumekatika, kitanda kinahitajika, familia inafunga mizigo. Tumbo lake bado ni la mtoto mdogo kuliko yeye.

Kwa hiyo ukimwona jirani amerudi kutoka wodini na mtoto, ile tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto ndiyo ya kumuulizia. Mara nyingi anajua siku, ila hana nauli. Kutoka sehemu za ndani za Ganze, bodaboda hadi kituo cha afya na kurudi inaweza kumaliza pesa za unga za siku kadhaa, na mama akilazimika kuchagua, anachagua unga. Kama kituo kina kliniki ya nje ya kijijini, muulize muuguzi inakuja lini upande wenu na umwambie mapema. Sisi wahamasishaji tunao utepe, na kumpima mtoto mkono ni dakika moja, haina malipo, na hatuhitaji kujua nani alilala wapi.